Pikipiki ilikuwa nzima, mwenye kutu nilikuwa mimi: safari ya peke yangu baada ya baridi

#1 Gurudumu Pweke
Wakuu, habari za siku.

Jana nimetoka na pikipiki kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze. Peke yangu, barabara za mashambani, kilomita 240 kwa siku moja, sina miadi na mtu. Walio kwenye nchi za barafu watanielewa. Miezi minne chombo kimefunikwa turubai, kila ukipita unakiangalia kama mgonjwa aliyelazwa. Majira ya kuchipua yakifika (kaskazini ya dunia Machi hadi Mei, kusini Septemba hadi Novemba) siku ya kwanza yenye jua mtu anakuwa kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Sijaja kuwaringishia maua, ingawa maua yalikuwepo na nitayasema. Nimekuja kwa sababu ya kona moja, kwenye kilomita ya 60 hivi. Ile kona imenionyesha kwamba kilichopata kutu miezi yote ile si chombo. Nashusha kwa vipande, naandikia simu.

#2 Kiti cha Nyuma
Nimeshakaa. Shusha mzigo mkuu.

#3 Gurudumu Pweke
Maandalizi nayapitia mbio.

Betri niliing'oa mapema, ikakaa ndani kwenye chaja ndogo, na jana asubuhi ilisoma volti 12.7. Petroli iliyokuwa kwenye kabureta niliimwaga yote kabla ya kuifunika pikipiki. Kuna mwaka nilipuuza, ikageuka gundi kwenye jeti, nikamaliza wikendi mbili za jua nimeinamia vitundu vidogo kuliko tundu la sindano. Mnyororo nikaupaka oili na kupima ulegevu wake, milimita 30, sawa na kitabu cha chombo kinavyotaka.

Zilizonishangaza ni tairi. Ya mbele niliiacha na upepo wa psi 33, nikaikuta 26. Haikutoboka. Upepo hupenya kwenye raba kidogokidogo, halafu baridi nayo inachukua chake: joto likishuka nyuzi 5 au 6 hivi, psi 1 imekwenda. Kwa macho huoni kitu, ukiipiga teke inadunda vilevile. Wenye tabia ya kupima tairi kwa teke, nawasalimu.

Basi nikajaza upepo, nikawasha, injini ikaitika mara ya pili, nikajiona fundi mkuu. Kila kitu kimekaguliwa. Kwamba dereva mwenyewe hajakaguliwa, wala halikunipitia akilini.

#4 Fundi Spana
Umeruka oili ya breki. Ile kitu inanyonya unyevu wa hewani hata chombo kikiwa kimelala, na ikishakuwa na maji ndani, siku breki zikipata moto mkali inachemka na mkono wa breki unakuwa laini kama sifongo. Watengenezaji wengi wanataka ibadilishwe kila miaka 2. Tena chombo kikikaa, diski inapata kutu nyembamba, kwa hiyo breki mbili tatu za kwanza usizitegemee, zifanyie palepale unapotokea.

Na ufungue chujio la hewa. Mimi nimewahi kukuta panya ameshazaa humo.

#5 Gurudumu Pweke
Fundi, oili nilibadilisha mwaka jana. Panya sikumtafuta, nikitoka hapa naenda kumtafuta.

Sasa njia yenyewe. Nilitoka saa nne asubuhi, makusudi. Msimu huu jua linadanganya: barabara iliyo wazi imekauka na ina joto, lakini chini ya miti na juu ya madaraja umande ulioganda usiku bado upo. Daraja linapigwa na baridi juu na chini, ndiyo maana linaganda kabla ya lami iliyolala kwenye udongo. Nikasubiri jua lifanye kazi yake.

Joto lilikuwa nyuzi 10. Ukiwa umesimama ni hali nzuri kabisa. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, kwa kanuni ya upepo na baridi wanayotumia watabiri wa hali ya hewa Marekani na Kanada tangu 2001, ngozi iliyo wazi inaihisi kama nyuzi 4. Nilivaa glavu za kiangazi kwa sababu ya ubishi. Baada ya nusu saa vidole viwili vya mkono wa kulia sikuwa navyo. Kumbukeni vidole hivyo, tutavirudia.

Lakini wakuu, njia! Wiki moja tu kabla kulikuwa kijivu kitupu. Jana mitofaa imechanua, nyeupe yenye wekundu kidogo, na mashamba ya mbegu za mafuta ndiyo kwanza yanaanza kuwa ya manjano, manjano ile ya kuumiza macho. Wanakondoo wa wiki mbili wanarukaruka bila sababu yoyote. Barabara yenyewe ni nyembamba, inafuata mto, kisha inaacha mto na kupanda, kisha inajutia na kuurudia.

Kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa ni hewa. Hewa ya baridi ni nzito, inatuama mabondeni kama maji. Unashuka bondeni, shingo inajua kabla ya macho. Unapanda upande wa pili, katikati ya mlima unakutana na ukuta wa joto, na harufu inabadilika palepale: chini kulikuwa matope na majani yaliyooza, juu kuna udongo uliolimwa leo asubuhi. Ndani ya kilomita 10 nilipita hewa kama sita tofauti.

Na nikasimama. Mara tatu ndani ya kilomita 20! Mara ya kwanza kuangalia theluji iliyoyeyuka inavyopita chini ya daraja kwa kelele. Mara ya pili kuvipasha joto vidole kwenye injini. Ya tatu sina maelezo. Ukiwa kwenye msafara, kusimama ni mkutano mkuu: indiketa, mikono hewani, watu wanane wanavua helmeti wanauliza kuna nini. Huwezi kuwajibu kwamba hakuna kitu.

#6 Dada Klachi
Umeandika vizuri kaka, lakini kona iko wapi? Unatuzungusha.

#7 Gurudumu Pweke
Haya dada.

Ni kona ya kulia, naijua. Kabla ya baridi nilikuwa naipita kwa kilomita 80 bila hata kuifikiria. Jana nikaingia nayo 80, kwa kumbukumbu ya mwaka jana. Barabara inatoka kwenye jua kali inaingia kwenye kivuli cha miti, na mimi kioo cha helmeti ni cheusi. Sekunde nzima sikuona kitu. Macho yalipozoea, kokoto. Zile wanazomwaga wakati wa barafu ili magari yasiteleze. Barafu imekwisha, kokoto zimebaki, na matairi ya magari yamezisukuma yakazipanga mistari: pembeni na katikati, njia mbili safi za matairi, halafu palipo na kona kali zimetawanyika popote.

Nikazitazama. Kosa la kwanza. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Nusu sekunde ya kushangaa mawe ni mita 11 zimekwenda, na mita hizo zote chombo kilikuwa kinaelekea palepale ninapotazama.

Kosa la pili lilikuwa la mkono. Vidole vile vilivyoganda vikaikamata breki ya mbele, si kwa kubana polepole, kwa kunyakua. Mnajua kinachofuata ukifunga breki chombo kikiwa kimelala: kinasimama wima na kutaka kwenda moja kwa moja. Moja kwa moja palikuwa na mtaro, na ng'ambo ya mtaro ukuta wa mawe.

Sijui nani alisema kichwani mwangu "tazama unakokwenda". Nikaachia breki, nikageuza kichwa chote hadi kidevu kikagusa bega, nikatazama mwisho wa kona, nikausukuma usukani. Kikalala tena. Tairi ya nyuma ikapita juu ya kokoto ikahama kama shubiri moja, ikashika. Nikatoka upande wa pili.

Mita 200 mbele kuna geti la shamba. Nikasimama, nikazima, nikashuka. Magoti yanacheza. Ng'ombe wawili wananitazama.

#8 Mzee wa Lami
Pole kijana. Hiyo inaitwa jicho kunasa. Ukikodolea shimo macho, utaingia shimoni. Na kosa lako la kwanza si la kutazama, lilitangulia: umeingia kwenye kona ya mwaka huu kwa mwendo wa mwaka jana. Barabara haikukusubiri. Maji yanaingia kwenye nyufa za lami, yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, yanaipasua kwa ndani. Kila majira ya kuchipua barabara ni mpya, hata kama kibao kilekile.

Tafuta pale kingo mbili za barabara zinapokutana kwa mbali kwenye kona. Pale panapokutana pakikukimbia, kona inafunguka, ongeza. Pakikusogelea, kona inakaza, punguza. Na wakati wote uwe na mwendo wa kuweza kusimama ndani ya sehemu unayoiona. Kwenye kivuli ulikuwa huoni, kwa hiyo mwendo wako ulitakiwa uwe wa asiyeona.

#9 Kona Kali
Mzee anasema kweli, lakini hapo kwenye "nikausukuma usukani" mimi napinga. Nina miaka 15 kwenye magurudumu mawili, pikipiki inalazwa kwa mwili. Unaegemea, inakwenda. Hizi za kusukuma usukani ni hadithi za intaneti.

#10 Mzee wa Lami
Kona Kali, unasukuma tangu siku ya kwanza ila mikono haijakuambia. Ukisukuma mbele mshikio wa kulia, tairi ya mbele inageuka kidogo kushoto, chini ya chombo panahama kushoto, na chombo kinaangukia kulia. Ndiyo kulala kwenyewe. Kuegemea kwa mwili kunasaidia, ila kwa chombo cha kilo 200 kwenye kilomita 80, mwili peke yake ni mchelewaji.

Wala si jambo la intaneti. Wilbur Wright, huyu wa ndege, alikuwa fundi wa baiskeli kabla ya kuruka. Alikuwa akiwauliza waendesha baiskeli wanageukaje kushoto, na hakupata aliyeeleza sawasawa kwa mara ya kwanza. Watu walikuwa wanafanya kitu wasichokijua. Wewe uko kwenye kundi zuri.

Jaribu: barabara tupu, iliyonyooka, kilomita 50, mikono milegevu, sukuma kidogo tu kwa kiganja cha kulia. Urudi hapa.

#11 Kona Kali
Sina muda wa majaribio ya watoto.

#12 Dada Klachi
Kaka, nashukuru uko salama. Ila mimi linaloniuma ni "peke yangu". Ungeingia kwenye ule mtaro nani angejua?

Nakupa yangu. Miaka miwili iliyopita, msimu kama huu, nilikuwa nageuza kwenye njia ya shamba, mwendo wa kutembea. Matope ya trekta, tairi ikateleza, chombo kikanilalia mguu. Sikuvunjika kitu. Lakini sikuweza kukinyanyua kwa namna nilivyolala, na simu ilikuwa kwenye begi la tanki, upande wa pili. Naiona, siifikii. Dakika 40 hadi trekta liliporudi. Dakika 40 unasikiliza ndege wanaimba na petroli inadondoka.

Tangu siku ile simu inakaa mwilini, mfuko wa kifuani, unaofungwa zipu.

#13 Gurudumu Pweke
Dada, nimesoma nikanyamaza. Simu yangu jana ilikuwa kwenye begi la tanki.

#14 Fundi Spana
Huo ndio ushauri bora wa uzi huu hadi sasa. Chombo na mpanda chombo vikitengana, kila kimoja kinakwenda zake. Simu iende na mwenye kuihitaji.

Na kwenye mabonde mtandao haupo. Kwa hiyo kabla ya kutoka mwambie mtu mmoja njia utakayopita na saa ambayo akiwa hajakusikia aanze kuulizia. Ukibadilisha njia, tuma ujumbe ukifika kilimani.

#15 Kiti cha Nyuma
Naomba kuuliza, kwani kundi ndiyo usalama? Mimi nimeanguka mara moja tu, na nilikuwa katikati ya msafara. Aliye mbele yangu ana uwezo kunizidi, mimi sitaki kuachwa, nikaingia kona kwa mwendo wake. Walinizoa haraka sana kwa sababu walikuwa wengi. Lakini peke yangu nisingeanguka.

#16 Mzee wa Lami
Wote wawili mna haki. Kundi linakusaidia baada ya kuanguka. Kabla ya kuanguka linaweza kukusukuma.

Kuna utafiti wa zamani, Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, ulitoka 1981. Walikwenda eneo la tukio kwa ajali za pikipiki zipatazo 900. Karibu robo tatu zilikuwa za kugongana na chombo kingine, mara nyingi dereva wa gari hakuiona pikipiki. Robo iliyobaki ni pikipiki peke yake na barabara, na humo theluthi mbili kosa lilikuwa la mpanda chombo, la kawaida likiwa kubana breki kupita kiasi au kupanuka kwenye kona (kutoka nje ya njia yake) kwa mwendo mkubwa. Gurudumu Pweke, wewe jana ulifanya yote mawili ndani ya sekunde tatu.

Hilo la kutoonekana nalo ni la msimu. Wenye magari wamekaa miezi bila kuona pikipiki, jicho limeacha kuitafuta. Kwenye njia panda mwangalie tairi la gari, si uso wa dereva. Uso unaweza kukutazama usikuone. Tairi likianza kuzunguka halina unafiki.

#17 Gurudumu Pweke
Mzee umenimaliza, na sina utetezi.

Niendelee na pale getini. Nilikuwa na njia mbili: kurudi nyumbani nikiwa na hofu, au kuendelea. Hofu ukienda nayo kulala inaamka imenona. Nikavaa glavu za baridi (zilikuwa kwenye begi muda wote, nacheka lakini ndivyo ilivyokuwa), nikasogea hadi kwenye barabara tupu iliyonyooka, nikaanza kujifunza breki upya kama mwanafunzi. Kilomita 50, kubana polepole, uzito uhamie mbele kwanza, tairi ijikandamize chini, ndipo nikaze. Mara ya kwanza mkono ukanyakua tena. Ya pili, nusu. Ya saba ndipo vidole vikakumbuka. Nikafanya kumi na mbili.

Halafu nikapanda zile kilomita 180 zilizobaki, na wakuu, hizo ndizo nilizozifaidi. Nilipunguza mwendo hadi kilomita 60, 65, ukiwa huko kona hazikuvamii, zinakuja moja moja. Niliona vitu ambavyo kwa 80 nisingeviona: bata bukini wanarudi kaskazini wamejipanga kama mkuki, mzee mmoja anapaka geti rangi, kulungu wawili ukingoni mwa msitu saa moja kasoro jioni (hao ni wa kuogopwa, alfajiri na machweo wanavuka bila kuuliza, na akivuka mmoja subiri wa pili). Jua la jioni lilikuwa limelala chini kabisa, nikiliacha mgongoni kila kitu mbele yangu ni dhahabu. Hapo nikakumbuka: nikiwa na jua mgongoni, anayekuja mbele yangu ananiona kivuli tu. Nikapunguza tena.

#18 Kona Kali
Nimetoka sasa hivi.

Nimejaribu kile kitu. Kiganja cha kulia, kidogo tu. Chombo kimelala kulia. Nikafanya kushoto. Kimelala kushoto. Nimerudia kama mara ishirini hadi jirani ametoka kuangalia.

Sijasema mmeshinda.

#19 Mzee wa Lami
Hujasema.

#20 Kiti cha Nyuma
😂😂😂

#21 Dada Klachi
Swali la mwisho kaka. Ulirudi kwa njia ileile? Zile kokoto bado zipo?

#22 Gurudumu Pweke
Nilirudi njia ileile, ndiyo, makusudi. Kona ile kutoka upande wa pili, kilomita 40. Nikaipita. Kisha nikaegesha kama mita 100 baada ya kona, indiketa zinawaka, nikarudi kwa miguu nikaanza kuzisukumia kokoto pembeni kwa buti.

#23 Fundi Spana
Ulisimama kwenye kona isiyoonekana, jioni, kufagia barabara kwa buti?

#24 Gurudumu Pweke
Najua Fundi. Najua. Sikuwa na akili yote siku hiyo.

Nimefagia kama dakika tano, likaja trekta. Mwenye trekta akasimama, akanitazama, akaitazama pikipiki, akazitazama kokoto. Hakuuliza kitu. Akalirudisha nyuma trekta hadi mwanzo wa kona, akaliacha na taa ya juu inazunguka ili magari yaione kwa mbali. Akashuka na koleo mbili.

Mie akanipa ile yenye mpini mfupi.